NGUO ISIYO NA JINA: MIFARISHI YA HARRIET POWERS NA USOMAJI WA LESO ZETU

Katika idara zetu za lugha limekwisha kuwa jambo la kawaida kulihesabu jina la leso kuwa sehemu ya fasihi ya Kiswahili. Wanafunzi hutumwa madukani na majumbani, hukusanya majina mia mbili au mia tatu, huyapanga kwa mafungu, haya ya mapenzi, haya ya dini, haya ya siasa, haya ya mafumbo ya wake wenza, kisha huandika tasnifu. Mimi mwenyewe nimezisimamia tasnifu za namna hiyo, tena kwa furaha, na sikuona kwamba zina ila. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa ila ipo na kuwa ni kubwa. Sikuiona maktabani. Niliiona mbele ya nguo mbili zilizoshonwa na mwanamke ambaye hakuijua lugha yetu, na ambazo hazikuandikwa juu yake hata neno moja.

Nguo zenyewe ni mifarishi miwili ya Harriet Powers wa Georgia, Marekani. Mmoja huhifadhiwa na taasisi ya Smithsonian mjini Washington, na wa pili na Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Ndiyo miwili tu ijulikanayo kuwa imebaki katika kazi zake, nayo haikuwahi kuonyeshwa pamoja mpaka yalipofanywa maonyesho ya mifarishi mjini Boston, kuanzia tarehe 10 Oktoba 2021 hadi tarehe 17 Januari 2022. Nilibahatika kuwapo katika wiki ya mwisho, nikifuatana na sahibu yangu tuliyekua naye mtaa mmoja Mombasa. Yeye ni fundi wa kushona. Ameishi Massachusetts miaka mingi pamoja na wanawe, na harusi za Waswahili wa huko nyingi hupitia kwenye cherehani yake. Mimi nilikwenda kusoma. Yeye alikwenda kutazama mishono. Katika mengi yatakayofuata yeye ndiye aliyeona kwanza, na mimi ndiye niliyebisha.

Neno mfarishi yafaa lielezwe, maana vijana wa siku hizi husema blanketi kwa kila kitu cha kujifunika. Mfarishi ni nguo ya matabaka: kitambaa juu, kitambaa chini, pamba katikati, na sindano ikapita katika yote matatu mstari kwa mstari ili pamba isihame. Wamarekani wamelifanya tabaka la juu kuwa uwanja wa sanaa. Wako waungao viraka vya pembe nne au vya pembe tatu mpaka vikawa nguo nzima. Na wako, kama Powers, wakatao kitambaa kwa umbo la mtu, la mnyama au la nyota, kisha wakakishonea juu ya kitambaa kingine.

Msomaji huenda akauliza mambo haya ya Georgia yatuhusu nini sisi. Yatuhusu kwa uzi wenyewe. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka wa 1833, na mwaka wa 1837 Richard Waters wa Salem, mji ulio karibu na Boston, alifika Unguja akiwa konseli wa kwanza wa Marekani. Bidhaa kubwa waliyoileta Wamarekani ilikuwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, nasi tukakiita merikani, jina ambalo halijatoka katika kamusi zetu mpaka leo. Pamba ya viwanda vile ilitoka majimbo ya kusini, ililimwa na kuchumwa na watumwa. Harriet Powers alizaliwa utumwani karibu na mji wa Athens, Georgia, katika mwaka huo huo wa 1837. Basi shuka ya merikani aliyojifunga mtumwa wa pwani yetu, na kaniki aliyojitanda mkewe, ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya watumwa wengine kabla ya kupanda jahazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka wa 1861 hadi 1865, viliivunja biashara hiyo. Vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikashika nafasi yake, na katika miongo iliyofuata leso ikazaliwa. Nilipomweleza sahibu yangu hayo tukiwa njiani, alisema, "Kumbe sisi ni wateja wa zamani." Sidai zaidi ya hapo, wala sitaki kudai udugu wa damu baina ya mfarishi na leso.

Nasema hivyo kwa sababu wako waliodai udugu wa namna hiyo mahali pengine. John Michael Vlach, katika kitabu chake cha mwaka wa 1978 juu ya sanaa za mikono za Wamarekani weusi, aliihusisha mifarishi ya Powers na nguo za Wafon wa Abomey, ambao nao hukata maumbo ya vitambaa na kuyashonea juu ya nguo. Mfanano upo, na macho huuona mara moja. Lakini mhakiki akishaambiwa kwamba umbo hili lina babu yake Dahome, bado hajaambiwa linasema nini. Nasaba si maana. Sisi wa Kiswahili twapaswa kulijua hilo kuliko watu wote, maana tumepoteza miaka mingi tukiulizana tendi zetu ni za Waarabu au ni za Wabantu, na huku tendi zenyewe zikingoja kusomwa.

Tuje kwenye nguo. Mfarishi wa kwanza, ulioshonwa mwaka wa 1885 au 1886, una picha kumi na moja za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini akimwua Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Kristo, Yuda na vipande vyake thelathini vya fedha, na nyinginezo. Rangi zake zimefifia sana. Sahibu yangu aliusogelea mpaka mlinzi akakohoa. "Huyu alikuwa na cherehani," alisema, akanionyesha kwa kidevu mahali ambapo mshono wa mashine umezunguka umbo la mtu, na mahali ambapo mkono umechukua kazi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuona kazi ya mkono mtupu, kama tunavyopenda kuwawazia watu wa zamani. Mwanamke yule alikuwa mtumwa mpaka vita vilipokwisha. Kisha akajipatia mashine, akaitumia katika kazi aliyoithamini kuliko zote.

Mfarishi wa pili, ulioshonwa kati ya mwaka wa 1895 na 1898, ndio uliotuweka pale muda mrefu. Una picha kumi na tano. Nyingi ni za Biblia pia: Ayubu akiwaombea adui zake, Yona, nyoka wa Musa, Kristo msalabani. Lakini katikati ya hizo Powers ameingiza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha dini. Ipo siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, jua lilipofichika mchana, ng'ombe wakaenda kulala. Upo usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilipoanguka kama mvua, watu wakadhani dunia imekwisha, na mkono wa Mungu ukazizuia. Ipo Alhamisi ya baridi ya tarehe 10 Februari 1895, ambapo mwanamke aliganda akiwa katika sala, mwingine akaganda langoni, mwanamume akaganda kando ya gudulia lake la pombe, na pumzi ya nyumbu ikawa vijiti vya barafu. Na ipo picha ya matajiri wa Virginia ambao hawakufundishwa lolote juu ya Mungu. Na humo humo, pasipo kuelezwa amehusianaje nao, yumo nguruwe mmoja mwenye kujitegemea aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia mpaka Virginia. Jina lake nguruwe huyo ni Betts.

Angalia tarehe hizo. Powers alizaliwa miaka minne baada ya nyota kuanguka, na miaka hamsini na saba baada ya siku ya giza. Hakuyaona. Aliyapokea, kama sisi tunavyopokea habari za mwaka wa njaa na mwaka wa ndui kutoka kwa bibi ambao nao walizipokea kwa bibi zao. Alhamisi ya baridi pekee ndiyo iliyotukia katika utu uzima wake, naye ameiweka bega kwa bega na Yona na Ayubu, kwa ukubwa ule ule wa picha. Hakuna mpaka baina ya Maandiko na mambo ya kijijini. Yote ni siku ambazo Mungu aliingilia kati. Mwenye kufundisha fasihi simulizi atatambua hapa fani anayoijua vizuri: mpangilio wa matukio usiofuata miaka bali unaofuata uzito. Picha ya kwanza ni Ayubu, ya pili ni mwaka wa 1780, ya tatu ni Musa, ya nne ni Adamu. Kwa mpenda taratibu za vitabu ni vurugu. Kwa msikilizaji wa ngano ni utaratibu kamili.

Ama huyo nguruwe, nilijizuia kwa shida nisimgeuze kuwa mtumwa mtoro. Mshonaji ni mtu aliyezaliwa utumwani, Virginia iko upande wa kaskazini, na mnyama amesifiwa kwa kujitegemea. Mhakiki wa kizazi changu angetaka nini tena? Nilimwambia sahibu yangu mawazo hayo. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, mwache nguruwe akimbie kwanza." Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua. Haya yote niliyoyaeleza, ya nyumbu na pumzi yake, ya ng'ombe kwenda kulala, ya Betts na maili zake 500, hayaonekani juu ya nguo. Juu ya nguo pana mduara, pana watu walioinua mikono, pana mnyama mwenye miguu minne. Twajua kwa sababu Powers alisema, na maneno yake yakaandikwa. Habari yenyewe yafaa isimuliwe. Mwaka wa 1886 aliutoa mfarishi wa kwanza katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu wa uchoraji, Jennie Smith, aliuona, akamtafuta mshonaji, akataka kuununua. Powers akakataa; hakuwa na bei ya kuutoa. Baada ya miaka michache hali ikawa ngumu. Alikuja kwa Smith katika mkokoteni wa ng'ombe, mfarishi ukiwa mapajani, umefungwa ndani ya gunia safi la unga, na gunia la unga ndani ya gunia jingine. Alitaka dola 10. Smith akasema anazo 5 tu. Powers akatoka kushauriana na mumewe, mumewe akamwambia achukue, akachukua. Lakini kabla ya kuondoka aliieleza kila picha, moja baada ya nyingine, na Smith akaandika. Baadaye alirudi mara kadhaa kuja kuutazama mfarishi wake. Picha za mfarishi wa pili nazo zimehifadhiwa pamoja na maelezo yake mwenyewe.

Sina haja ya kumpamba Smith. Alipata kwa dola 5 nguo ambayo leo haina bei, na aliyaandika maneno ya mwanamke mweusi kama mwanamke mweupe wa Georgia alivyoyasikia miaka ile. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Powers hakujua kusoma, na dhana hiyo ikawa sehemu ya sifa zake: mama asiye na elimu, ametoa haya yote rohoni. Mwaka wa 2009 Kyra Hicks alichapisha utafiti wake, na humo imo barua ya Powers ya mwaka wa 1896 inayoonyesha kuwa alijua kusoma na kwamba alishona mifarishi mingine zaidi ya hiyo miwili. Yaani aliyeshona Ayubu huenda alikuwa amemsoma Ayubu. Hayo yote ni kweli, na juu ya hayo yote Smith alifanya jambo moja ambalo sisi hatulifanyi. Alipoichukua nguo, alimwuliza mwenye nguo: hapa umesema nini?

Lisipoulizwa swali hilo twajua yatokeayo. Mwaka wa 2002 mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, ilionyeshwa Houston kisha New York, na wahakiki wakaisifu kwa kuilinganisha na michoro ya wachoraji wakubwa wa Ulaya wa karne ya ishirini. Sifa ilistahili. Miraba ile na mistari ile ina ujasiri ambao wachoraji wengi wangeutamani. Lakini mmoja wa mifarishi ya kijiji kile, ulioshonwa na Missouri Pettway mwaka wa 1942, una vipande vya rangi ya samawati iliyopauka na vya kijivu, na mwenye kutazama rangi ataridhika na rangi. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyesimulia kwamba baba yao alikuwa amefariki, na mama akazikusanya nguo zake za kazi za shamba, akazishona mfarishi ili amkumbuke na ajifunike kwa mapenzi yake. Ukishaambiwa hayo, pale suruali ilipopauka magotini si rangi tena. Ukuta wa makumbusho haukuweza kulisema hilo wenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuziwaza leso zetu. Kabla ya safari ile, miaka kadhaa nyuma, mimi na sahibu yangu tuliingia katika jumba moja la makumbusho la nchi yetu, ambalo sina haja ya kulitaja. Palikuwa na leso moja ukutani nyuma ya kioo. Moja, si doti. Mwenzake sijui alikwenda wapi. Imetandazwa kama ramani. Chini yake pameandikwa kwamba ni ya pamba, kwamba ni ya Afrika ya Mashariki, na kwamba jina lake ni "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nilisimama nikaona vema: mji, pindo, jina, tafsiri, vyote vipo. Sahibu yangu aliuliza swali moja tu. "Nani alimvalia nani?" Nilicheka wakati ule. Boston sikucheka.

Maana leso imetuhadaa kwa maandishi yake. Inasimuliwa Mombasa kwamba aliyeanza kuziandika ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ya "Mali ya Abdulla" ingali inajulikana katika mtaa wa Biashara. Maandishi ya kwanza yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaja ya Kirumi. Tangu hapo nguo hii imekuja kwetu ikiwa imekwisha kuandikwa, na kwa kuwa sisi ni watu wa vitabu, tukaona kilichoandikwa ndicho kilichosemwa. Mfarishi wa Powers, kwa kuwa haukuandikwa, ulimlazimisha mtu aulize. Leso, kwa kuwa imeandikwa, imetupa udhuru wa kutouliza. Hiyo ndiyo ila ya tasnifu zetu. Jina lililochapwa kiwandani si usemi bado. Ni neno katika kamusi. Huwa usemi siku mwanamke fulani anapolichagua dukani kati ya majina arobaini, akajifunga, akapita mbele ya mlango fulani, saa fulani, na wako walioshuhudia. Jina lile lile juu ya leso iliyotumwa na mume kutoka safari ni jambo moja. Juu ya mwanamke anayeingia arusini mwa aliyekuwa mumewe ni jambo jingine kabisa. Na kiunoni mwa mama anayepika, ambaye aliivaa kwa kuwa nyingine zimo katika maji, si jambo lolote. Katika orodha ya mwanafunzi wangu yote matatu ni mstari mmoja, katika fungu la mapenzi.

Katika chumba kingine tulimkuta Bisa Butler, ambaye baba yake ni Mghana. Mfarishi wake mkubwa wa mwaka wa 2019 unawaonyesha wachezaji weusi wa chuo kimoja cha Atlanta kutoka katika picha ya mwaka wa 1899, na nyuso na nguo zao zimeundwa kwa vitambaa vya rangi kali, vya ukoo wa vitenge vyetu. Ni kazi ya kupendeza, lakini hapa nataka tu kukumbusha kwamba vitenge vya Afrika ya Magharibi hutoka kiwandani bila jina, na wauzaji wa sokoni ndio wanaovipa. Huko jina hufuata nguo; kwetu nguo hufuata jina. Ni tofauti ambayo ingeweza kumpatia mwanafunzi mmoja kazi ya miaka mitatu.

Nilimweleza sahibu yangu hoja yangu tulipokaa kupumzika, nikidhani ataniunga mkono, kwa kuwa ilikuwa imezaliwa na swali lake. Hakuniunga mkono. Alisema, "Na kisutu je?" Kisutu hakina jina. Ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni nguo ya arusi, na mwanamke wa pwani hukisoma bila kuwa na herufi hata moja. Hakuna Smith aliyekuja kuuliza maana yake, na haikupotea. Basi, alisema, si kila nguo yahitaji mtu wa kuisemea; iko inayosema kwa kuwa wote waliopo wanajua wamekutania nini.

Pingamizi hili ni zito, na nimelifikiri sana. Lakini naona kwamba hatimaye laniunga mkono kuliko mwenyewe alivyotaka. Kisutu husomwa pale tu ambapo wasomaji wenyewe wamo ndani ya shughuli. Kitundike Boston, au kitundike Nairobi mbele ya watoto wa shule waliokuja kwa basi, nacho kitakuwa maua mekundu juu ya kitambaa cheupe. Kwa hiyo maana haikuwa katika jina, wala haikuwa katika rangi. Ilikuwa katika mkutano wa mvaaji, mlengwa na mashahidi, na nguo ni kimoja tu kati ya vitu vilivyokuwapo. Makumbusho huchukua hicho kimoja kwa sababu ndicho kinachokunjika.

Nikaanza basi kumtajia yale ambayo idara ingepaswa kufanya. Tuache kukusanya majina, tukusanye mivalio. Kila leso iingiayo katika hifadhi yetu iingie na doti yake kamili, na maneno ya aliyeivaa, kwa sauti yake na kwa lahaja yake: aliinunua wapi, aliivaa lini, kwa ajili ya nani, nani alikuwapo, na yule aliyelengwa alijibu nini, maana mara nyingi hujibu, tena kwa leso. Nilikuwa nimepamba moto. Sahibu yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukiandika nani alimvalia nani," alisema, "umemwumbua." Kisha akanieleza jambo ambalo ninakiri sikulipata katika tasnifu yoyote niliyoisimamia. Nguvu ya jina la leso, alisema, ni kwamba mvaaji aweza kulikana. Ukimwuliza atakuambia, "Nguo tu hii, nimeikuta dukani." Aliyelengwa anajua, mashahidi wanajua, yeye anajua kwamba wanajua, lakini hakuna awezaye kumpeleka mbele ya wazee kwa neno alilolisema, kwa sababu hakulisema, limesemwa na kiwanda. Ondoa mlango huo wa nyuma na jina limekuwa tusi la kawaida, na mwanamke angeweza kutukana kwa kinywa asingoje kununua doti. Powers, alisema, alieleza picha zake kwa sababu alikuwa na jambo alilotaka lijulikane na kila mtu, mbingu na ardhi. Mwenye leso anataka lijulikane na mtu mmoja.

Sijui mhakiki afanye nini na hoja hiyo. Tumezoea kudhani kwamba kila lililofichwa katika kazi ya sanaa limefichwa ili sisi tulifichue, na kwamba tukilifichua tumeitendea kazi hiyo wema. Hapa ni fani ambayo fumbo lake limekusudiwa libaki na kifuniko, na uhodari wa msanii wake ni katika kukishika kifuniko hicho. Kuandika maelezo kamili ya mvalio ni kuharibu kitu chenyewe kinachoelezwa. Kutoyaandika ni kubaki na leso ukutani kama ramani ya nchi isiyokaliwa na watu. Mimi bado naona tuandike. Lakini naona pia kwamba yako maelezo ambayo yatapasa kufungiwa kwa miaka mpaka wahusika wote wawe hawapo, na kwamba mwenye kuamua miaka hiyo ni mwenye leso, si idara. Smith aliandika papo hapo kwa kuwa Powers alitaka iandikwe. Mtu akikataa, kukataa kwake nako ni habari, na kuna mahali pake katika daftari.

Jambo hili si la nadharia kwangu. Sahibu yangu ana doti moja ya marehemu mama yake, nayo ina jina lile lile tuliloliona nyuma ya kioo. Mama yake aliivaa mara moja tu, siku ya shughuli fulani Mombasa, kisha akaikunja akaitia sandukuni pamoja na karafuu na maganda ya udi, na hakuivaa tena mpaka alipokufa. Kabla ya safari yangu nilikuwa nimemwomba doti hiyo kwa ajili ya hifadhi ya idara yetu, naye alikuwa amekubali. Tulipokuwa tukitoka, tumevaa makoti na barakoa zetu, theluji imeanza, nilimwuliza kama bado yuko radhi kuitoa. Alisema yuko radhi kuhusu nguo. Kuhusu habari yake, aliyevaliwa yu hai, ana wajukuu, na husalimiana naye kila arusi akirudi nyumbani. Akaniuliza kama idara inaweza kungoja.

Fomu ya kuipokea leso hiyo iko mezani pangu ninapoandika. Nimekwisha kujaza aina ya kitambaa, vipimo, rangi na jina. Palipoandikwa "Maelezo" sijajaza kitu, na doti ingali sandukuni kwake.